Picha, Sitara na Uongo

Anayejifunza kupiga picha huambiwa mambo mengi, lakini ukiyachuja yote hubaki moja: amua kipi kiingie na kipi kibaki nje. Mengine, kama vile mwanga, kasi na aina ya lenzi, ni ufundi wa kutekeleza uamuzi huo. Na kuamua kipi kibaki nje si jambo la mafundi peke yao. Mama zetu walilijua kabla kamera haijafika pwani, wakalipa jina la kusitiri. Tatizo ni kwamba sitara ina jirani asiyependeza, naye ni uongo, na ukuta uliopo kati yao ni mwembamba. Basi swali tunaloliweka mezani safari hii, ndugu wasomaji, ni hili: mtu anayepanga vizuri picha yake mbele ya majumba na minara ya Washington, akayaacha nje yote asiyoyataka, kisha akaituma nyumbani, amesitiri au amedanganya?

Swali limetufika kwa sababu hapa Wheaton vijana kadhaa wa jumuiya yetu wamenunua kamera za kweli, zile za kubadilisha lenzi, na Jumamosi wasipokuwa kazini hushuka mjini kujifunza. Baadhi yetu watu wazima tumekuwa tukiwafuata, kwa udadisi na kwa kuwabebea chakula. Njia yenyewe haina shida. Unapanda treni ya laini nyekundu pale Wheaton, unapita Silver Spring, Takoma, Fort Totten na Union Station, unabadilisha Metro Center, na ukitoka kituo cha Smithsonian unajikuta katikati ya uwanja mrefu ambao kichwani kwake kuna jengo la Bunge na miguuni yuko Lincoln, ameketi kwenye kiti chake cha marumaru tangu mwaka 1922. Katikati umesimama Mnara wa Washington, mita 169 kwenda juu. Hakuna aliyerudi Wheaton bila picha ya mnara huo.

Kosa la mwanafunzi wa kwanza ni lile lile la wanafunzi wote duniani. Alimweka mwenzake katikati kabisa, na mnara nyuma yake katikati kabisa, ukawa umemuota kichwani kama pembe. Akafundishwa kanuni ya theluthi: gawa picha mafungu matatu kwa wima na matatu kwa ulalo, kisha mtu umsogeze upande mmoja na mnara upande wa pili, wapate kuzungumza. Halafu likaja somo lililomfurahisha zaidi, la kusogea. Hatua tatu kushoto na pipa la taka linatoweka. Piga goti, na watalii mia moja wanazama chini ya ukingo wa picha. Subiri dakika mbili, basi la shule linaondoka. Kijana alikuwa kama mtu aliyefunuliwa siri ya wachawi. Uwanja ulikuwa umejaa watu, vibanda vya fulana na magari ya kuuza vyakula, lakini ndani ya kamera yake palikuwa patupu, pa kifalme, mtu mmoja na mnara mmoja. Akamwonyesha mama mmoja wa kundi letu, aliyefundisha shule ya msingi Tanga kwa miaka mingi. Mwalimu akaitazama picha, akautazama uwanja, akasema, "Mwanangu, ni nzuri sana. Lakini watu wote hawa umewapeleka wapi?"

Tulicheka. Baadaye tukaona kwamba mwalimu aliuliza swali zito.

Tuanze kwa kumtetea kijana. Wapo wenzetu wanaosema kwamba picha hizi za minarani ni majivuno tu, za mtu anayebeba maboksi usiku na kujifanya balozi mchana. Sisi hatukubaliani nao. Kila picha huacha kitu nje. Isiyoacha kitu haijapigwa bado. Na mtu aliyejifunga kanga haitwi mwongo kwa kuwa hakuonyesha kilicho ndani. Aliyekesha akiwageuza wazee vitandani katika nyumba ya kutunzia wazee, akalala saa tatu, akaamka, akavaa shati lililopigwa pasi na kusimama mbele ya jengo la Bunge, ana haki kamili ya shati lile. Hakuazima uso. Mama yake akiipokea picha ile na kusema, "Alhamdulillah, mwanangu yu mzima," amesema kweli, maana siku ile alikuwa mzima. Kumtaka mtu aanike uchovu wake ili aonekane mkweli ni ukatili, na mara nyingi wanaoutaka si wao waliochoka.

Kwa hiyo uongo hauanzi pale tunapochagua. Unaanzia wapi basi?

Wanaoijua Mombasa ya miaka ya 1990 watawakumbuka wapiga picha wa Likoni, pale kivukoni. Walikuwa na vibanda vyao, wamevipamba kwa maua na vitambaa, na ndani wametundika mapazia yaliyochorwa ndege, meli na majumba marefu ya ng'ambo. Mtu aliyetoka bara kuja kutafuta kazi mjini aliingia, akasimama kando ya ndege ya rangi, akapigwa picha, akaituma kijijini. Je, alidanganya? Hata kidogo. Pazia lilijulikana kuwa ni pazia. Mara nyingine mikunjo yake ilionekana, na pembeni ukingo wa kibanda. Kule kijijini walisoma picha ile kama wanavyosoma salamu za barua: nipo, nawakumbuka, natamani makuu. Ilikuwa picha ya matumaini na kila mtu aliisoma hivyo.

Angalieni sasa kinyume kilichotokea. Sisi tuliopo huku hatuna haja ya pazia. Jengo la Bunge ni la mawe, limesimama kweli, na sisi tumesimama kweli mbele yake. Hakuna kilichochorwa. Lakini ni picha hii ya kweli ndiyo inayopoteza watu, kwa kuwa haina mkunjo wa kumkumbusha mtazamaji kwamba yako mengine upande wa pili. Pazia la Likoni lilisema wazi kwamba ni ndoto. Marumaru ya Washington inasema: hapa ndipo ninapoishi. Wakati tunaishi Wheaton, ghorofa ya tatu, watu wanne vyumba viwili.

Tunadhani ukuta kati ya sitara na uongo uko hapo. Picha peke yake haina ukweli wala uongo. Inakuwa hivyo inapotumika kujibu swali. Picha ya mnara ikijibu swali la "Je, ulifika Washington?" ni kweli tupu. Picha hiyo hiyo ikijibu swali la "Je, huko mnaishije?" inakuwa kitu kingine kabisa, hata kama hakuna kilichobadilika ndani yake. Na swali la pili ndilo tunaloulizwa kila wiki na nyumbani, kwa simu na kwa WhatsApp. Tukikosa maneno, tunatuma mnara.

Mtu anaweza kusema, jamani, picha tu hii, mbona mnaipa uzito wa kesi ya mauaji? Uzito unatokana na watu kujenga juu yake. Tunawafahamu vijana waliouza viwanja vya urithi kwa kutaka nauli na ada za viza, na walipofika huku, la kwanza walilotuuliza lilikuwa mbona nyumba zenu hazimo katika zile picha. Na madhara hayaishii kwa mtazamaji. Mwenye picha naye hufungwa mdomo nayo. Anapougua anashindwa kusema, kwa sababu picha zake zimekwisha sema kwa niaba yake kwamba mambo ni mazuri. Anapopunguziwa saa za kazi na shangazi akamwomba ada ya shule, hawezi kueleza. Ataelezaje, na juzi tu alikuwa amesimama kwenye ngazi za Lincoln akitabasamu? Jumuiya yetu imewahi kuchangishana kusafirisha mwili wa mwenzetu ambaye ndugu zake hawakujua kwamba alikuwa mgonjwa kwa mwaka mzima. Walikuwa na picha nyingi. Sitara aliyojifunika imwezeshe kutembea mbele za watu ndiyo iliyomziba pumzi.

Jinsi ukingo wa picha unavyoweza kubadilisha maana, uwanja wenyewe wa Washington unayo mifano, na tunashangaa kwamba wanafunzi wa kupiga picha hawaonyeshwi. Kumbukumbu ya Martin Luther King ilifunguliwa mwaka 2011. Ubavuni mwa jiwe yalichongwa maneno yaliyotokana na hotuba aliyoitoa kanisani Februari 1968, miezi miwili kabla ya kuuawa. Katika hotuba ile alisema kwamba kama watu watataka kumwita mtangulizi wa bendi, yule anayetembea mbele na fimbo yake, basi na waseme alikuwa mtangulizi wa haki na amani. Waliochonga walitaka kufupisha. Wakaliondoa "kama", wakabakiza sentensi ambayo King anajitangaza mwenyewe kuwa ndiye. Mtu aliyekuwa akionya dhidi ya kujikweza akageuzwa kuwa mwenye kujikweza, kwa kukatwa neno dogo. Watu walilalamika, akiwemo mwandishi Maya Angelou, na mwaka 2013 maneno yale yalifutwa kwa kuchonga mistari juu yake. Waliopunguza hawakuwa na nia mbaya. Walikuwa wanapanga, kama kijana wetu alivyopanga uwanja mtupu.

Mfano wa pili tunaupenda zaidi. Ukiutazama Mnara wa Washington kwa makini utaona kwamba rangi yake inabadilika ukifika mita 46 hivi kutoka chini. Ujenzi ulianza mwaka 1848. Mwaka 1854 fedha ziliisha na ugomvi wa kisiasa ukaingia, kisha vikaja vita vya wenyewe kwa wenyewe, na mnara wa baba wa taifa ukabaki kisiki kwa zaidi ya miaka 20. Kazi iliporudiwa mwaka 1879 marumaru mpya haikufanana sawasawa na ya kwanza, na mpaka ulipokamilika mwaka 1884 alama ilikuwa imekwisha kaa. Mmoja wa vijana wetu alitaka kuifuta alama ile kwa programu ya kompyuta, picha ipendeze. Wazee wakamzuia kwa kelele. Nani kati yetu hana nyumba Kibaha au Kisauni iliyosimama kwenye linta kwa sababu fedha zilikatika, mke aliugua, au fundi aliondoka na saruji? Sisi ndio watu tunaopaswa kuuelewa mnara ule kuliko mtalii yeyote. Ukifuta alama ile umefuta kitu pekee ambacho mnara ulikuwa unatuambia sisi.

Isije ikaonekana kwamba tunahubiri kinyume chake, yaani kwamba ukweli umo katika ufagio na uongo umo katika mnara. Mwaka 1942 alifika mjini hapa kijana mweusi wa miaka 29, Gordon Parks, aliyepewa nafasi ya kujifunza upigaji picha katika ofisi moja ya serikali. Siku zake za kwanza alibaguliwa dukani, mkahawani na kwenye sinema. Akatafuta namna ya kuupiga picha ubaguzi, na mkuu wake, Roy Stryker, akamshauri azungumze na mwanamke aliyekuwa akifanya usafi katika jengo lile lile. Mwanamke huyo aliitwa Ella Watson. Parks alimsimamisha mbele ya bendera ya Marekani inayoning'inia ukutani, ufagio mkononi, mopu nyuma yake. Picha ile imekuwa mashuhuri duniani, na wengi huitaja kama mfano wa kamera inayosema kweli.

Lakini itazameni. Imepangwa kuliko picha yoyote ya mtalii. Ufagio haukujisimamisha pale. Na kama Parks angeishia hapo, Ella Watson angebaki kuwa ufagio na bendera, kama vile sisi tunavyobaki kuwa shati na mnara. Hakuishia hapo. Aliendelea kumfuata kwa wiki kadhaa, nyumbani kwake, kwa watoto aliokuwa akiwalea, kanisani kwake, mtaani kwake. Ile picha moja haikuachwa ijibu peke yake swali la Ella Watson alikuwa nani. Wapo akina Ella Watson wengi kati yetu, wanaosafisha ofisi za mji ule ule usiku ule ule, na tunadhani wengi wao wasingependa kutuma nyumbani picha ya mopu. Hawalazimiki. Ila picha ya pili, ya tatu na ya nne, za jikoni, za kituo cha basi, za sherehe ya mtoto wa jirani, hizo zinawezekana.

Hapo ndipo tunaporudi kwetu Wheaton, mahali ambapo karibu hapajulikani nyumbani kwa picha. Si kwamba hapana cha kupiga. Kituo chetu cha treni kilichofunguliwa mwaka 1990 kina ngazi za umeme zenye urefu wa mita 70. Katika nusu hii yote ya magharibi ya dunia, Marekani ya Kaskazini na ya Kusini, hakuna ngazi za umeme za mkupuo mmoja zinazozidi hizo. Kutoka chini hadi juu ukiwa umesimama tu ni karibu dakika tatu. Mtu anaweza kusoma dua yake ya jioni akaimaliza. Watu wa mji mwingine wangechapisha postikadi. Sisi tunazipanda kila siku tukiwa tumeinamisha vichwa, tunaelekea kwenye minara ya kwenda kupigia picha.

Iko pia bustani ya Brookside, inayopendwa na maharusi. Mle ndani kuna mahali palipotengwa kuwakumbuka watu 10 waliouawa kwa risasi za mvizio katika eneo hili la Washington, Oktoba 2002. Hatusemi maharusi wasipite. Tunasema tu kwamba mtu akiliacha jiwe la kumbukumbu nje ya picha kwa sababu analijua na hataki kuchanganya kilio na harusi, amesitiri. Akiliacha kwa sababu hajui limewekwa kwa ajili ya nani, au akaliegemea akicheka, hilo haliitwi sitara. Sitara inamtaka mtu ajue anachokifunika.

Basi mwalimu wetu wa Tanga aliwapa vijana zoezi, na alilitoa kama alivyozoea kutoa mazoezi, bila kujadiliana. Kila mmoja apige picha moja ya mahali anapopita kila siku, kwa kanuni zile zile za minarani, theluthi na mistari na kusubiri mwanga, kisha aitume kwa mtu mmoja nyumbani bila maelezo. Kijana wa uwanja mtupu alichagua ngazi. Alisimama chini jioni wakati watu wanarudi makazini, akaiacha mistari ya ngazi ipande hadi ikutane juu kabisa kama kamba, na katika theluthi ya kulia akamweka abiria mmoja, mama wa makamo, aliyempa mgongo. Uso wake hauonekani. Kijana alihakikisha hivyo, maana sitara ya mtu mwingine si yake kuitoa. Kinachoonekana ni mfuko wa plastiki mkononi na viatu vyeupe.

Mama mzazi wa kijana yuko Muheza. Picha za minara alikuwa akizijibu kwa neno moja, "Mashaallah," na ua. Safari hii alituma ujumbe wa sauti wa dakika nne. Alitaka kujua kama ngazi zile zinatembea zenyewe, na umeme ukikatika watu hupandaje. Akauliza yule mama mwenye viatu vyeupe ni muuguzi, na kama ni muuguzi mbona amebeba sufuria ndani ya mfuko. Akauliza kule juu mwishoni pana nini. Halafu akanyamaza kidogo, sauti za kuku zikasikika nyuma, akauliza, "Na wewe, baba, hupanda hapo saa ngapi usiku?"

Kijana alituonyesha ujumbe huo Jumamosi iliyofuata. Alikuwa bado hajaujibu.